Maswali na Majibu: Kijana, Mbwa wa Kuwinda na Wazazi Wenye Wasiwasi

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: vijana wetu wanataka kufundisha mbwa wa kuwinda, na wazazi hawajui waseme nini. Kwa msomaji mpya: mimi ni mzaliwa wa Mpwapwa, nilisomea afya ya mifugo, na sasa nafanya kazi kwenye kliniki ya wanyama hapa Iowa. Siku za mapumziko nipo shambani na vijana na mbwa wao. Ninayoyajibu ni yale ninayoyaona kwa macho yangu.

*Mama, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, baba wa watoto watano, naishi Des Moines. Kijana wangu wa pili ana miaka 14. Tangu mwaka jana anaandamana na jirani yetu, mzee mstaafu mwenye mbwa wawili wa kuwinda ndege. Sasa mzee amemwahidi mtoto wa mbwa, wa ile aina ya Kijerumani yenye nywele fupi, na kijana halali kwa furaha. Kwetu mbwa ni wa kulinda boma. Naogopa masomo yatadorora, naogopa bunduki, na sidhani mtoto wa umri huu anaweza kufundisha mbwa wa namna hiyo. Nimkatalie? — Baba J.*

Marahaba, baba. Usimkatalie. Ila ukikubali, kubali yote, maana nusu ya ruhusa ndiyo inayoharibu mbwa na mtoto kwa pamoja.

Kwanza umjue mbwa mwenyewe. Wawindaji wa Ujerumani, katika karne ya 19, walianza kuzalisha mbwa mmoja atakayefanya kazi zote: kutafuta ndege mbugani na kusimama kimya akiwaelekezea pua, kufuata aliyejeruhiwa kwa harufu ya ardhini, kuingia majini kuleta bata, na kumkabidhi mwindaji mkononi bila kumtafuna. Huyo wa nywele fupi ni mmoja wao. Wapo wenye nywele ngumu kama brashi, wapo Vizsla wa Hungaria, Brittany wa Ufaransa, Pudelpointer na wengine. Hapa Marekani na Kanada kipo chama kiitwacho NAVHDA, kilichoanzishwa mwaka 1969, kinachopima mbwa wa aina hii. Miongoni mwa waanzilishi wake ni Bodo Winterhelt, aliyehamia Kanada kutoka Ujerumani. Mbwa hawashindani wao kwa wao. Kila mmoja hupimwa kwa kiwango kilichowekwa, na wote wanaweza kufaulu siku hiyo hiyo. Kwa kijana hilo ni jambo kubwa: anakuja kujua mbwa wake anaweza nini, na hahitaji kumshinda mtu.

Umeuliza kama mtoto wa miaka 14 anaweza. Anaweza, na mara nyingi anawazidi watu wazima. Mtu mzima hurudi kazini amechoka, anataka mbwa aelewe leo hii, anapandisha sauti. Kijana ana muda wa kukaa kwenye nyasi na mtoto wa mbwa bila kudai chochote, na huko ndiko mbwa anakojifunza kwamba mtu huyu ni wake. Nimemwona binti wa miaka 12 akimwita mbwa kwa sauti ya kawaida kutoka ng'ambo ya shamba la mahindi lililovunwa, na mbwa akageuka mara moja, wakati wanaume watatu pembeni walikuwa wanapuliza filimbi hadi mashavu yanauma.

Kinachowashinda vijana ni sisi wakubwa. Baba anashika kamba, mjomba anatoa amri nyingine, jirani naye ana yake. Mbwa anasikia sauti nne na hajui ya nani ni ya kweli. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni hili: kamba ikae mkononi mwa kijana. Alishe yeye, azoe kinyesi yeye, aamke yeye usiku mtoto wa mbwa akilia wiki ya kwanza. Mwambie mzee jirani afundishe kijana, na kijana afundishe mbwa. Mzee akiona kosa, amnong'oneze kijana, asimguse mbwa. Ni vigumu kwa wazee wenye ujuzi kunyamaza, lakini wengi wao wakielezwa kwa heshima wanakubali, kwa sababu wana hamu kweli kweli ya kumwachia mtu kazi hii.

Amri zenyewe zinaweza kuwa za Kiswahili. Njoo, tulia, leta, toa: zinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Nikuoneshe somo moja ili uone lilivyo jepesi kwa kijana na lilivyo kubwa kwa mbwa. Asubuhi, umande ukiwa bado upo, mnachukua fezanti aliyekufa (ni ndege wa jamii ya kuku na kwale, mkia mrefu, na Iowa ndiye ndege anayewindwa sana). Mnamfunga kamba miguuni na kumburuta kwenye nyasi fupi, hatua hamsini au sitini, upepo ukiwa mgongoni mwa anayeburuta. Hapo pa kuanzia mnang'oa manyoya machache mnayaacha. Mbwa asione lolote. Kisha kijana anamleta taratibu, anampitishia kamba ndefu chini ya ukanda wa shingo, anapiga goti na kuonesha manyoya kwa kidole. Ngoja. Pua itashuka. Utasikia pumzi zikibadilika, fupi fupi na za haraka, na mkia utaanza kuzunguka. Hapo kijana aachie ncha moja ya kamba ichomoke yenyewe na asimame. Asiseme neno. Mbwa akipotea njia, asimwelekeze, amwache azunguke aitafute mwenyewe. Upepo uliwekwa mgongoni kwa sababu hiyo: ukivuma kutoka kule aliko ndege, mbwa atainua kichwa na kumfikia kwa harufu ya hewani, na hatakuwa amejifunza kufuata chochote ardhini.

Kuhusu bunduki, hofu yako ni halali na nakuheshimu kwa kuisema. Mtihani wa kwanza wa NAVHDA unapima vipaji vya kuzaliwa vya mbwa mchanga, asiyezidi miezi 16. Mbwa anaangaliwa mbugani kwa dakika zisizopungua ishirini, anafuatilia fezanti aliyekimbia kwa miguu, anaogelea mara mbili, na risasi tupu zinapigwa akiwa anatafuta ili kuona kama anaogopa mlio. Mlio huo hupigwa na mtu aliyewekwa na chama. Mtoto wako anaweza kufanya mtihani wote huo na asiguse bunduki hata mara moja.

Akitaka kuwinda baadaye, sheria za Iowa ziko wazi. Mafunzo ya usalama wa uwindaji yanapokea watoto kuanzia miaka 11, na kila aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1972 lazima awe nayo ndipo anunue leseni. Wewe mwenyewe nenda ukasome pamoja naye. Mkazi aliye chini ya miaka 16 anaweza kuwinda bila leseni akiwa na mtu mzima mwenye leseni, na kila mtoto awe na mtu mzima wake. Fezanti huwindwa kuanzia Jumamosi ya mwisho ya Oktoba hadi tarehe 10 Januari, majogoo matatu kwa siku, majike hayaguswi. Mbwa hachagui jogoo na jike, anawaelekezea pua wote. Kwa hiyo kijana atajifunza kumtambua ndege angani kabla ya kidole kugusa kitu, na asipokuwa na hakika aache aende. Sijui somo la darasani linalofundisha kujizuia namna hiyo.

Na mbwa naye azoeshwe mlio kwa utaratibu. Kwanza awe anawapenda ndege kupita kiasi. Akiwa anawakimbiza, mtu aliyesimama mbali, mita mia au zaidi, apige mlio mdogo. Asipojali, siku nyingine isogezwe kidogo. Kumpeleka mtoto wa mbwa kwenye uwanja wa shabaha ati azoee ni kumharibu. Na tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, fataki zikianza, awe ndani, redio ikiwa imewashwa.

Masomo? Andikianeni makubaliano: alama zikishuka, mbwa anabaki na chakula na matembezi, mazoezi ya mbugani yanasimama. Usitishie kumuuza mbwa. Ukimtisha mtoto kwa kiumbe anachokipenda, anajifunza kukuficha mambo.

Jambo moja sitaki ulikubali kwa macho ya kufumba. Mbwa huyu huishi miaka 12 hadi 14. Kijana wako ana miaka 14 sasa. Akienda chuo, mbwa atakuwa na miaka minne, katika nguvu zake zote, na atakuwa kwako. Anahitaji kukimbia kila siku, si kuzunguka uani. Kuna dawa ya minyoo ya moyo inayoletwa na mbu, kuna kupe, kuna chanjo. Hata kama mtoto wa mbwa ni zawadi (kwa kawaida wenye wazazi waliopimwa huuzwa zaidi ya dola 1,000), matunzo si zawadi. Kama nyumba yako haiwezi hilo, mwambie kijana aendelee kumsaidia mzee jirani na mbwa wake. Anaweza kujifunza karibu yote hapo hapo.

*Asalaam aleikum. Mimi ni Mombasa kwa asili, sasa Columbus, Ohio. Mwanangu wa miaka 13 anapenda sana mbwa wa kuwinda, na baba yake hamzuii. Lakini mama mkwe anasema nyumba yetu haitaswaliwa tena, na nyama atakayoleta ni haramu. Nifanyeje bila kuvunja heshima? — Mama Salma*

Waaleikum salaam, mama Salma. Mimi ni Mkristo, na fatwa si kazi yangu: neno la mwisho liwe la sheikh wenu. Lakini vijana kadhaa wa Kiislamu ninaowafahamu wamepita njia hii, na nitakueleza walivyoelekezwa, ili uende kwa sheikh ukiwa na maswali mazuri.

Walianzia Sura ya Al-Maida, aya ya 4, ambayo inahalalisha windo linalokamatwa na wanyama waliofundishwa, na kuagiza jina la Mwenyezi Mungu litajwe. Katika hadithi ya Adiy bin Hatim, Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba mbwa akilila windo lisiliwe, kwani amejikamatia mwenyewe. Na katika hadithi za kukataza kufuga mbwa ovyo, wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wamevuliwa. Wanavyuoni wanayajua haya kuliko mimi. Mimi nilichokiona kama mtu wa mbwa ni kwamba kazi yote ya kumfundisha mbwa kuleta ndege mzima, bila kumtafuna wala kumwangusha njiani, hadi aambiwe "toa", inakubaliana kabisa na sharti la mbwa aliyefundishwa. Mwambie mwanao hilo. Atafanya mazoezi kwa bidii nyingine.

Kwa nyumba: Waislamu wengi waliotoka pwani na karibu na pwani wamekulia na madhehebu ya Shafi, ambapo mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Familia ninazozijua zimempangia mbwa kibanda nje chenye ua wake, na kijana ana nguo za mbwa na viatu vya mbwa vinavyobaki gereji. Bakuli zake haziingii jikoni. Bibi akiona mpaka upo na unaheshimiwa, moyo wake unatulia. Pengine hata umwombe yeye ndiye apange mpaka uko wapi.

Kibanda kiinuliwe kutoka ardhini, kiwe kidogo kiasi cha mbwa kukipasha joto kwa mwili wake, mlango usitazame upepo wa kaskazini. Ndani jaza majani makavu ya ngano. Blanketi hunyonya unyevu na kuganda, halafu mbwa analalia barafu. Usiku ule wa baridi kali, mwenye nywele fupi hawezi kubaki nje hata kwa majani, basi gereji iwe tayari.

*Hujambo mama? Nina miaka 19, niko Voi. Naona vijana wa Marekani wanavyofundisha mbwa wa kuwinda na mimi nina mbwa wawili wa kienyeji wenye pua kali. Naweza kuanza na sungura na digidigi? — Kijana wa Voi*

Sijambo, mwanangu. Hapana, usianze. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kumwachia mbwa digidigi ni ujangili, hata ukisema ni mazoezi. Hapo Voi uko mlangoni mwa Tsavo, na utakamatwa kwa haki.

Lakini pua hizo zina kazi. Amboseli, shirika la Big Life Foundation linatumia mbwa kufuata nyayo za majangili. Katika Pembetatu ya Mara nao wanao. Bandari ya Mombasa, mbwa wamefundishwa kunusa pembe za ndovu ndani ya makontena, na huko Usa River, karibu na Arusha, shirika la kuhifadhi wanyamapori la AWF lina kituo kinachofundisha mbwa pamoja na waongozaji wao kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Mwongozaji ndiye adimu. Wanatafuta mtu mvumilivu, anayeandika kumbukumbu kila siku, anayemjua mbwa wake akisita kidogo tu.

Anza na wako hivi. Wapeleke wakachanjwe kichaa cha mbwa. Wafundishe kuja ukiwaita, hata kuku akipita mbele yao. Kisha ndugu yako akuachie kitambaa chake, atembee porini, ajifiche chini ya mti, na mbwa akinuse kitambaa hicho na kumtafuta kwa harufu baada ya robo saa, kisha nusu saa, kisha saa nzima, kwenye jua na kwenye umande. Andika daftarini: muda, upepo, ardhi, alipokosea. Daftari hilo lina uzito kuliko cheti ukienda kuomba kazi.

*Shikamoo mama. Nina miaka 15, naishi Waterloo, Iowa. Mwezi Mei nilimfanyisha mbwa wangu mtihani wa vipaji akiwa na miezi 11. Mbugani alipata alama za juu kabisa, lakini aligoma kuogelea, na hakupewa daraja lolote. Baba anasema nimtupe bwawani atazoea, la sivyo tumuuze. Nimelia sana. — N.*

Marahaba, binti yangu. Umemwongoza mbwa mbele ya majaji watatu ukiwa na miaka 15, na mbugani amepewa 4 ambayo ndiyo alama ya juu. Mbwa huyo hauzwi. Msomee baba yako barua hii.

Baba, usimtupe. Anayetupwa majini anajifunza vitu viwili: kwamba maji yanameza, na kwamba mkono wa mtu unayemwamini ndio unaokutosa. La kwanza linaweza kufutika. La pili linabaki kwenye mambo yote, hata mbugani alikofanya vizuri.

N., maji ya Mei huku kwetu bado ni baridi, na mbwa wako huenda hakuwahi kuogelea kwenye maji ya uvuguvugu maishani mwake. Sasa ndio wakati. Tafuta mahali penye ukingo unaoteremka polepole na chini pagumu, pasipo tope. Vaa viatu vya zamani, uingie wewe mwenyewe. Usimwite. Tembea sambamba na ukingo, maji yakiwa magotini kwako, ukiongea na watu wengine kama vile yeye hayupo. Atalia ukingoni, ataweka mguu mmoja, atautoa. Mwache. Siku akifika maji ya kifuani, rudini nyumbani akiwa bado anataka kuendelea.

Akianza kuogelea, tazama miguu ya mbele. Ikitoka juu ya maji na kupiga chapa chapa, mwili umesimama wima na anaogopa: rudi penye kina kidogo, akanyage chini. Miguu ikibaki chini ya maji na mgongo ukalala sawa, ameshajua. Kijito chembamba nacho husaidia sana. Vuka wewe, keti ng'ambo, subiri. Kama rafiki yako ana mbwa mzee mpole anayependa maji, waende pamoja. Kitu cha kurusha kianze kuanguka hatua mbili tu kutoka ukingoni, na usirushe tena na tena hadi achoke. Mtihani haudai alete kitu mkononi, unadai aingie na kuogelea kwa hiari yake, mara mbili.

Uangalie pia maji yenyewe. Julai na Agosti mabwawa ya Iowa hupata mwani wenye sumu, unaonekana kama rangi ya kijani iliyomwagwa juu ya maji. Ukiuona, mfunge kamba mara moja na ondokeni, asinywe wala asilambe manyoya. Kliniki tunaletewa mbwa wa namna hiyo wakitetemeka, na wengine hatuwahi kuwaokoa.

Umri unakuruhusu. Septemba atakuwa na miezi 15, bado yuko ndani ya miezi 16. Mpigie katibu wa tawi lako wiki hii kuulizia mtihani wa vuli, kwa sababu nafasi ni chache na hujaa mapema. Ukipata, mwombe pia akuoneshe bwawa litakalotumika, na mruhusiwe kufanyia mazoezi hapo kabla ya siku yenyewe.